Spana Iliyokosekana Kiranjeranje

Maiti ya Mzee Kibwana ililala kifudifudi ndani ya gereji yake, kisogo kimepasuka. Ukutani zilining'inia spana saba, kubwa hadi ndogo. Msumari wa nane ulikuwa mtupu.

"Alirudi nazo kutoka vitani Burma," alisema Warda, binti wa marehemu, akijifuta machozi. "Alikuwa fundi wa magari jeshini. Kila moja ina mshale, alama ya mali ya serikali ya Kiingereza, na mwaka 1943."

Inspekta Modesti alizishusha, akazisoma moja moja. Ni kweli.

Aliyemsaidia Modesti kubeba machela ya maiti alikuwa kaka yake mwenyewe, Sipriani, aliyefanya kazi na marehemu miaka kumi na tisa. Modesti alimwonea huruma.

Kesho yake alianza kuwahoji mafundi wote. Akafika nyumbani kwa kaka yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu."

Modesti alifungua sanduku la vifaa la kaka yake. Ndani mlikuwa na spana kuukuu yenye mshale.

"Hii umeipata wapi?"

"Ya babu. Alitoka nayo vita ya Mjerumani."

"Ile ya mwaka kumi na nne?"

"Hiyohiyo. Huoni mshale?"

Aliuona. Lakini Waingereza waligonga mshale huo katika vita zote mbili, na chini yake palikuwa na kutu. Modesti alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akasugua taratibu, akiomba asikute kitu.

Tarakimu zikajitokeza: 1943. Kwenye mdomo wa spana, damu iliyoganda.

"Babu alifariki lini, kaka?"

Sipriani alinyoosha mkono aichukue spana; Modesti akaivuta.

"Mwaka thelathini na nane," Modesti alijijibu. "Hii ilikuwa haijatengenezwa."

Sipriani aliketi sakafuni kama gunia.

"Aliniahidi gereji, Modesti. Miaka kumi na tisa! Biashara imekuwa huria, magari ya mitumba yanamiminika, ndipo ananiambia anamwachia Warda. Spana nilikuwa nayo mkononi."

"Na jana ukashika machela pamoja nami."

"Ningefanyaje?"

Mama yao alipofariki, mtu huyu ndiye aliyemlea Modesti, akimpikia uji kabla ya shule. Modesti alimfunga pingu.

"Andika wewe maelezo yangu," Sipriani alisihi. "Wewe ni damu yangu. Utajua namna ya kuyaweka."

"Ataandika mwingine, kaka. Mimi sasa ni shahidi."