Jina Lililomwagika

Amony alijitakia mwenyewe, ingawa kwa moyo mwema. Ndiye aliyetunza kompyuta ya kampuni moja ya walinzi huko Bugolobi, ile inayompangia kila mlinzi lindo lake kwa mtandao. Kisanduku cha jina kilikuwa na nafasi ya herufi thelathini tu, na mzee Okidi, mlinzi wa siku nyingi, akalalamika kwamba kumkata mtu jina la baba ni kumtukana. Amony akaondoa kipimo hicho cha herufi. Wema usizidi uwezo, lakini nani humwambia hivyo mwenye huruma?

Jumatatu chumba cha mashine kikanuka udongo mbichi. Kwenye skrini kulikuwa na mgeni aliyejiandikisha: aaaaaaa, mistari kwa mistari. Jina lake lilikuwa limejaza kisanduku, likamwagikia mahali amri zinapokaa, na mashine, isiyojua kutofautisha jina na amri, ikatii. Kampuni ilikuwa na malindo kumi na mawili. Sasa likaonekana la kumi na tatu, na kijana wa watu, Otema, akapangiwa huko. Hakurudi.

Alhamisi mchana akapangiwa huko Saverio, mume wa Amony, naye mlinzi. Amony alipompigia, simu ilipokelewa, lakini alisikia pumzi tu.

Akamwita Celestine, fundi wa programu, Mkenya anayekaa Bukoto.

"Nani alitoa kipimo?" Celestine alinong'ona.

"Ni mimi. Bwana yangu iko huko, nyabo, dada yangu. Saidia mimi."

"Woi, sister. Ulimfungulia huyo mgeni mlango. Kaa hapa karibu, tuombe."

Celestine akaomba huku akiandika, akarudisha kipimo, akaanza kulifuta lile jina, na kadiri lilivyofutika ndivyo feni ya mashine ilivyozidi kuhema, ikahema kama mtu anayefukiwa akiwa hai, harufu ya udongo ikawajaa kooni, taa zikafifia, Amony akawa analia kwa sauti bila kujua kwamba analia, mpaka Celestine alipochomoa waya ukutani. Kukawa kimya. Harufu ikaondoka.

Saa kumi na moja jioni Saverio akaingia, buti zimejaa udongo. Amony alitamani kumrukia, lakini kazi ina desturi yake: mlinzi akirudi hutaja jina kwanza, kisha huweka bunduki mezani.

"Jina?" akauliza, akicheka na machozi yakimtoka.

"Saverio," mumewe akasema. "Saverio Oyaaaaaaaaa..."

Sauti haikukoma. Hakuvuta pumzi. Celestine aliutazama waya. Bado ulikuwa sakafuni. Na bunduki, Saverio alikuwa hajaiweka mezani.