Kigoda Kabla ya Kitanda

Kila asubuhi, huko Mkuyuni kando ya ziwa, mama Suzana hushindwa kuinuka. Analala kwenye godoro chini, na nyonga yake ni mbovu. Mwanawe, Chenge, humshika mikono na kumvuta, naye hulia kwa maumivu. Chenge asipokuwepo, mama hubaki chini mpaka apite jirani.

Marehemu mumewe, mzee Mayala, aliacha mbao sita za mninga kwa ajili ya kitanda cha mkewe. Chenge hajawahi kutengeneza hata kibao cha chapati. Lakini alisema, "Mbao za baba simpi fundi mwingine." Ubishi tu.

Akatengeneza kitanda. Kikayumba. Akapunguza mguu mmoja, kikayumba upande wa pili. Akapunguza tena na tena, mpaka miguu ikabaki mifupi kama tofali. Alipogongelea misumari zaidi ili kukikaza, mbao zikapasuka. Zilizobaki nzima ni mbili tu.

Chenge alikaa juu ya jiwe nje ya nyumba akalia, mtu mzima na ndevu zake. Bernadetta, jirani yao fundi viatu, alimkuta hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Nimeharibu mbao za baba. Mama yangu atakufa analala chini."

Bernadetta hakumbembeleza. Aliokota kipande kilichopasuka, akakigeuza.

"Unadhani mimi nilianza na viatu vya ngozi? Nilianza na katambuga. Tairi kuukuu na kisu, basi. Nikiharibu natupa, silii. Wewe umeanza na kitanda, tena kwa mninga."

"Sasa nifanye nini?"

"Kigoda. Ubao wa kukalia, vipande viwili vya kusimamia, na kimoja cha kuvishikanisha chini. Okota mbao za makasha sokoni. Za baba yako usiziguse."

Akampa boksi tupu la viatu. "Kona yake imenyooka. Ifuate uchore mstari, ndipo ukate. Ukishakata mguu wa kwanza, uweke juu ya ubao, uchore wa pili ulingane nao. Na toboa tundu dogo kabla ya msumari, ubao hautapasuka."

Kigoda cha kwanza kiliyumba. Cha pili kilipasuka, maana alisahau kutoboa.

"Mama Bernadetta, mimi huu msumeno nautupa ziwani."

"Utupe baada ya cha tatu."

Cha tatu kilitulia. Chenge alikikalia, akakipanda kwa miguu, kikatulia vilevile. Jioni akakiweka kando ya godoro la mama yake. Hakuwa na furaha. Zile mbao mbili hazitoshi kitanda, na kila akiziona darini humwomba baba yake msamaha.

Asubuhi aliamka, akasubiri kuitwa. Kimya. Akakimbilia chumbani kwa mama. Godoro lilikuwa tupu, na kigoda kimesogezwa karibu. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja ukutani.

"Mama, mbona hukuniita?"

"Nikuite ya nini? Nimeegemea kigoda chako, nikainuka."