Lango Lisilo na Namba

Raudha alichomoa waya wa pili, na mtandao haukukatika.

Aliutazama ule waya mkononi. Tangu asubuhi alikuwa kwenye chumba cha mafaili cha kituo kimoja cha afya katika kijiji cha Daudi, akifunga swichi mpya ya mtandao. Kituo kilikuwa na laini mbili za intaneti, na kazi yake ilikuwa kuipanga swichi iulize lango la kila laini, yaani mlango wake wa kutokea nje, kila baada ya sekunde tano, kama lipo. Lango lisipojibu mara tatu, swichi ihamie jingine yenyewe, bila kusubiri fundi atoke mjini Katesh. Sasa alikuwa ameyakata yote mawili kwa majaribio. Kwenye laptopu malango mawili, kila moja na namba yake, yalionekana yamekufa. Chini yake kulikuwa na la tatu, lisilo na namba, linajibu.

Hakuwa ameliandika yeye.

Harufu ya manyoya yaliyoungua ikaingia chumbani. Muuguzi Kornelia akatokea mlangoni.

"Binti, umemaliza?"

"Bado, sista. Kuna kitu sikielewi."

"Njoo wodini kwanza," Kornelia alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mgonjwa anaongea."

Mzee Margwe alikuwa na siku tatu hajafumbua macho, tangu aanguke shambani. Binti yake, Marieta, alikuwa amejibanza ukutani, mbali na kitanda.

"Nipo," alisema mzee, midomo ikajifunga.

Raudha akajikuta anahesabu. Alipofika tano, midomo ikafunguka tena.

"Nipo."

"Baba hajui Kiswahili," Marieta alinong'ona. "Hajawahi kusema hata neno moja."

"Ameanza saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

Raudha alielewa kwamba tangu asubuhi alikuwa ameiamuru mashine iite, na iite tena, bila kuchoka na bila kutaja jina la anayeitwa, na kwamba wale wawili waliopaswa kuitika waliponyamaza, palikuwa na mwingine hapo jirani, aliyeshinda akisikiliza, naye akaitika kwa kinywa cha mtu asiyeweza kumzuia.

"Ni jini, sista. Nimemwita mimi."

"Basi acha kumwita."

"Nikizima, mzee atakuwaje?"

Kornelia akamtazama Marieta.

"Zima," alisema Marieta. "Huyo anayejibu si baba."

Raudha alirudi mbio akaanza kufuta amri, mstari kwa mstari, huku akisoma Ayatul Kursi na Kornelia akivuta rozari nyuma yake, na kila mstari uliofutika sauti ya wodini ilipanda, nipo, nipo, nipo, haisubiri tena kuulizwa, mpaka vioo vya dirisha vikaanza kutetemeka, ndipo alipoushika waya wa umeme kwa mikono miwili akaung'oa ukutani.

Kimya.

Walimkuta mzee kifua kimetulia. Halafu kikapanda. Akafumbua macho, akaomba maji kwa Kiiraqw, lugha yake, na Marieta akamnywesha huku machozi yakimtoka. Mzee aliongea tena, taratibu, akiwatazama waliosimama mlangoni. Marieta akaacha kulia.

"Anasemaje?" Raudha aliuliza.

"Anasema aliyekuwa amemkalia kifuani ameshuka." Marieta akasita. "Anauliza kwa nini sasa amesimama nyuma yako."

Kornelia alikuwa amemshika Raudha mkono. Akauachia.