Uso wa Mama Mdogo, Jina la Babu

Habari hii aliisimulia kwanza mjomba, fundi wa kompyuta, miezi mitatu baada ya kutokea. Alimsimulia mama yangu mara moja tu, na hakuirudia tena.

Jioni ile alipitia studio ya picha aliyoiacha marehemu baba yao, ambayo sasa iliendeshwa na mama mdogo, kitinda mimba wao. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Kompyuta ya studio, yenye mfumo wa Linux aliouweka mjomba mwenyewe, ilikuwa na mtumiaji mmoja: babu. Mwaka mzima tangu wamzike, kila asubuhi mama mdogo alibofya uso wa babu kwenye skrini ya kuingilia, akaandika nywila yake, ndipo akaanza kazi. Hakuna aliyeona ubaya. Sasa alikuwa hapati usingizi. Alisema kila akibofya, nyuma yake mtu hukohoa.

"Kaka, mwondoe," alinong'ona. "Niweke mimi."

Mjomba akamtania kwamba siku hizi hata mizimu inadaiwa nywila. Mama mdogo hakucheka.

Basi akamfungulia akaunti yake, akampiga picha palepale, akafuta akaunti ya babu. Akaingia kwenye faili la mipangilio ya skrini ile, akaliondoa jina la babu huko nako. Akaiwasha kompyuta upya.

Ukaja uso mmoja, wa mama mdogo.

Chini yake, jina la babu.

Akadhani amekosea. Akasahihisha herufi kwa herufi, akaiwasha tena.

Jina lilelile.

Mara ya tatu akaficha nyuso na majina yote, ikabaki nafasi tupu ya kuandikia. Chumba kikaanza kunuka dawa ya kuchua, ile aliyokuwa akijipaka babu mgongoni... Kwenye nafasi tupu, herufi zikaanza kujitokeza. Moja. Kisha nyingine. Polepole, kama za mzee anayezitafuta kwa kidole kimoja.

Mjomba akachomoa waya wa umeme. Skrini ikazimika.

Nyuma yake mtu akakohoa.

Ndani walikuwa wawili tu.

"Kibogoyo," mama mdogo akasema kwa upole, "mbona unanifungia nje ya duka langu?"

Jina hilo babu alimwita mjomba alipong'oka meno ya utotoni. Liliachwa kabla mama mdogo hajazaliwa.

Kesho yake mjomba akafuta diski nzima. Wiki iliyofuata akaleta mashine mpya. Haikusaidia. Mama mdogo, aliyekuwa akichapa bila kutazama vidole, sasa anatafuta herufi kwa kidole kimoja, na mkono mwingine ameushika mgongo.

Mama yangu yu hai. Mjomba yu hai, ila ufundi ameuacha. Kati ya mama mdogo na babu, mmoja yu hai. Kwenye daftari la ukoo ninalolitunza, sijaandika ni nani.