Umehifadhi Vitu Vyako?

Fundi alikuwa ameshika kufuli mkononi. Jioni ile alikuwa na safari moja tu: apite duka la dawa kabla halijafungwa, achukue mafuta ya kumchua binti yake mgongo, kisha nyumbani. Binti alikuwa amelala chali siku nyingi mno.

Tumjue kwanza huyu fundi. Mwanamke wa maneno machache, fundi simu, na kibanda chake kilisifika kwa jambo moja. Ukimpelekea simu iliyokuchosha, hakwambii ukanunue nyingine. Anakupa uchague mfumo. Simu ni ile ile, skrini ile ile, hata ule ufa wako wa pembeni unabaki palepale, ila ndani anakuwekea unachotaka. Mzee akitaka mfumo wa maandishi makubwa, upo. Kijana akitaka wa michezo, upo. Mwenye wivu akitaka usio na mtandao ili ampe mumewe, haya, nao upo! "Mwili ni mmoja, roho chagua mwenyewe," ndivyo alivyokuwa akisema, nasi tukicheka. Tungejua, tusingecheka.

Lakini kabla hajagusa kitu alikuuliza swali moja. Kila mtu, kila siku.

"Umehifadhi vitu vyako? Maana wa zamani ukiondoka haurudi."

Na sote tulijibu ndiyo. Uongo mtupu! Nani ana muda wa kuhifadhi? Una haraka, unataka simu yako, unasema ndiyo. Kesho yake unarudi unalilia picha za harusi, na fundi anakutazama tu kwa lile jicho lake.

Juu ya meza palibandikwa tangazo la wino mwekundu: SIMU ISIYOCHUKULIWA KWA SIKU TISINI NI MALI YA FUNDI. TUMESHASEMA. Hilo "tumeshasema" aliliongeza binti yake. Tulimwita Kasuku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Miaka kumi na tisa, anakaa kaunta, anakutania mpaka unasahau ulichofuata. Mama na mwana, mmoja hasemi, mwingine hanyamazi, na walipendana hao, acha tu.

Kisha ikaja homa. Homa ikaondoka, Kasuku hakurudi. Macho wazi. Pumzi ipo. Maziwa ya kijiko anameza. Lakini mwenyewe hayumo. Hospitali wakasema, mrudisheni nyumbani, msubiri. Bibi yake akawa anamlinda mchana, mama yake usiku. Wakasubiri.

Jioni ile ilikuwa siku ya tisini. Fundi hakuwa amehesabu.

Mwingine alikuwa amehesabu.

"Hodi."

Hakusikia hatua. Alisikia harufu kwanza... harufu ya udongo uliomwagiwa maji, na mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima. Mlangoni amesimama mwanamke mrefu, mtandio umemfunika nusu ya uso.

"Nimeshafunga, dada. Njoo kesho."

"Kesho nitakuwa nimechelewa," mgeni alisema kwa sauti ya chini, ya adabu. Akaweka simu mezani.

Simu nyeusi, haina jina la kampuni, haina tundu la chaja. Fundi akaishika kwa mazoea tu, na baridi yake ikampanda mpaka kwenye kiwiko. Skrini ikawaka.

KIFAA: KASUKU
MFUMO WA ZAMANI: HAUPATIKANI
MFUMO MPYA: TAYARI
ZIMA

Fundi akasoma. Akasoma tena.

"Nani amekutuma unifanyie mzaha huu?"

"Sikutumwa. Kazi yetu ni moja, fundi. Wewe unashughulika na za kioo. Mimi nashughulika na za nyama." Mgeni akanyoosha kidole ukutani. "Mwili mzima, mzuri, umelazwa siku tisini na mwenyewe hakuja kuuchukua. Mmeshasema."

"Hiyo ni ya simu!"

"Sikuandika mimi."

Mwingine angepiga kelele. Mwingine angekamata bisibisi. Fundi, aliyekuwa hajawahi kumbembeleza mteja tangu afungue kibanda, alipiga magoti kwenye vumbi la kibanda chake mwenyewe.

"Nakuomba. Nipe siku moja. Moja tu, dada yangu."

"Una mpaka jua lizame."

Nje, jua lilikuwa limebaki kwenye mapaa tu.

Basi fundi akafanya alichokijua. Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, akavishikilia, kama anavyofanya simu ikigoma, ili ufunguke ule ukurasa ambao mteja hauoni. Jasho linadondokea kwenye kioo. Ukurasa ukafunguka.

TAFUTA MFUMO WA ZAMANI?

Akabonyeza. Asilimia tatu... tisa... kumi na nne... Mgeni hakumzuia.

"Tafuta," alinong'ona. "Wengine hupatikana."

"Wengi?"

"Wachache."

Asilimia thelathini na nane... arobaini... Simu ikakwaruza, kama redio iliyokosa mawimbi. Halafu kutoka mbali, mbali sana...

"Mama?"

Fundi akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mama, huku giza. Nilikuwa nimepotea... Nasikia harufu ya risasi yako ya kuchomelea simu. Naifuata. Usizime, mama. Usizime..."

"Njoo! Njoo, mwanangu, nipo hapa!"

Na papo hapo simu yake mwenyewe ikalia kwenye mfuko wa aproni. Mama yake, yaani bibi wa Kasuku, alikuwa analia.

"Mwanangu, njoo! Mtoto anakata roho! Miguu imekuwa barafu, pumzi inakuja moja moja..."

"Msugue miguu, mama! Msugue, nakuja!"

Asilimia sitini na moja. Nje, mwanga umebaki kwenye paa moja tu, la mwisho. Mgeni akainama, harufu ya udongo ikajaa kibanda.

"Jua likizama hujachagua, nazima."

Asilimia sitini na nne.

"Mama, unaenda wapi? Mbona unalia?"

Jamani, mngefanya nini? Msijifanye mnajua. Kule mwili unakufa, huku sauti iko njiani na haifiki. Fundi alifikiria mwili. Mwili ukiwepo, alijiambia, nitautafutia roho yake baadaye. Mwili ukioza, nitatafuta nini?

Kidole kikaenda kwenye MPYA.

Mgeni akauliza taratibu, kwa maneno ambayo fundi aliyajua kuliko jina lake:

"Umehifadhi vitu vyake?"

"Ndiyo! Ndiyo, fanya upesi!"

Ndivyo alivyojibu. Kama sisi sote.

Hakukumbuka kufunga mlango wala alivyovuka barabara. Alifika nyumbani kiatu kimoja, na pale mlangoni akamkuta mama yake anacheka huku machozi yanamtiririka.

"Amekaa, mwanangu! Amekaa mwenyewe!"

Binti alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Mgongo umenyooka. Mikono juu ya mapaja. Akageuza shingo, polepole.

"Shikamoo, mama."

Sauti ni ya Kasuku. Kidoti cha shavuni ni cha Kasuku. Fundi akamkumbatia, akamsikia vuguvugu, na kwa muda alifurahi, asikwambie mtu. Alilia mpaka akakwama pumzi. Kisha akamshika mashavu.

"Mwanangu, lile tangazo la dukani. Uliongeza neno gani pale mwisho?"

Binti akafikiri. Akatabasamu vizuri, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Sijui, mama. Nifundishe."

Kwenye mfuko wa aproni, kitu kikatikisika.

Si simu yake. Ni ile nyeusi, na hakumbuki kuichukua. Fundi aliingia nayo jikoni, akarudishia mlango.

MFUMO WA ZAMANI: UMEPATIKANA
BETRI: ASILIMIA 9
CHAGUA KIFAA

"Mama, nimefika," Kasuku alisema, anahema kama aliyekimbia. "Nimefika, lakini pamefungwa. Mama... ndani kuna mtu."

Fundi akabonyeza jina la Kasuku. KIFAA KINATUMIKA. Akabonyeza tena. KINATUMIKA. Akaipapasa simu yote, juu chini, akitafuta pa kuchomeka chaja, yeye mwenye chaja za kila aina duniani. Hakuna tundu. Asilimia saba.

"Mama, panapungua huku. Panakuwa padogo."

Chini ya skrini kulikuwa na vifaa viwili vilivyo karibu. BIBI. FUNDI.

Nyuma ya mlango, bibi alikuwa anaimba kwa furaha. Fundi alimsikiliza kidogo. Kisha akabonyeza jina lake mwenyewe, na skrini ikamuuliza.

UMEHIFADHI VITU VYAKO?

Akakaa sakafuni. Safari hii hakusema uongo. Akavuta daftari la dukani kutoka mfuko wa aproni, akaanza kuandika, herufi zinagongana. Ufunguo wa droo uko chini ya kopo la gundi. Dawa za presha za bibi yako ni mbili asubuhi, atakwambia amekunywa, usimwamini. Solda ikiwaka usiishike karibu na ncha, inaunguza. Huyo wa kitandani mpe chakula, hana kosa, lakini usilale ukampa kisogo. Mimi utotoni nilikuwa naogopa radi. Baba yako aliponichumbia nilicheka, sikuwahi kukwambia. Siku uliyozaliwa niliku...

Asilimia moja.

Daftari nimeliona kwa macho yangu. Linaishia hapo.

Siku hizi ukienda kwa fundi utashangaa. Anaongea! Anatania wateja, anacheka kwa sauti, halafu katikati ya kicheko anakatika. Wiki ya kwanza aliunguza vidole vitatu kwa solda, fundi aliyeshika kazi miaka ishirini. Anashika bisibisi huku anachungulia daftari. Na mama yake mzazi anamwita "bibi". Ajuza mwenyewe anasema ni furaha, mtoto kupona kumemchanganya mwanawe kichwa, itapita.

Binti naye amepona, ana afya. Anakaa pembeni mwa kibanda, mgongo umenyooka, mikono mapajani, anakuamkia kwa adabu. Hakuna anayekaa karibu naye, na hakuna anayeweza kukwambia kwa nini.

Juzi nilipeleka simu yangu. Nikachagua mfumo. Fundi akaniuliza, "Umehifadhi vitu vyako?" Nami kwa mazoea nikajibu ndiyo. Akaniangalia, uso wake wa utu uzima ukavunjika kama wa mtoto aliyepotea sokoni, akalia mbele za watu. Sikujua nishike wapi. Nikainua macho ukutani ili nisimwangalie, ndipo nikaona tangazo limebadilishwa. SIMU HATA IKIKAA MIAKA NI YA MWENYEWE. TUTASUBIRI. Chini yake, kwenye rafu, ile nyeusi. Imezimika.

Kila jioni, jua likielekea mapaani, anawatoa wateja wote. Anawasha solda na kuchoma risasi bila kazi yoyote, moshi ujae kibanda, utoke mlangoni, ufike popote unapoweza kufika. Pembeni binti anamtazama. Na yeye mwenye solda, ambaye mdomo wake haukujua likizo, ananyamaza kimya, sikio kwenye ile simu, anasikiliza.