Bomba Lililopita Chini ya Ukuta

Siku Muzdalifa alipokutana na Ubwa, walianza kwa kugombana. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, soko la Mwanakwerekwe limefurika, wauza ndizi wanashindana kwa sauti na wauza mitumba. Ndani ya duka la mabomba la mjomba wake, Muzdalifa alikuwa nyuma ya kaunta na buibui lake jeusi, mtandio wa rangi ya zabibu umebanwa kwa pini ya lulu. Kijana mrefu aliingia, shati la buluu limepauka kola, viatu vimejaa vumbi jeupe la mawe, akaomba viungo sita vya plastiki.

“Vya kazi gani?”

“Vya pampu. We niuzie tu, bibie.”

“Kama ni pampu ya nguvu, hivyo vitapasuka hata wiki haishi. Chukua vya chuma.”

“Fundi ni mimi.”

“Na mimi ndiye ntakayerudishiwa vipande.”

Wateja waliokuwa wakisubiri wakaangua kicheko. Kijana alitahayari, kisha naye akacheka, akatoa meno yaliyopangika vizuri.

“Haya, nipe vya chuma. Nafunga mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji. Unaendeshwa na jua. Huko Mwambajuu.”

Mkono wa Muzdalifa ulisita juu ya sanduku. Mwambajuu ni kwao, kijiji cha mashariki kilichokaa juu ya mwamba mtupu. Kila mwaka visima vyake vilizidi chumvi, hata sabuni ikawa haitoi povu na maharage hayaivi. Mama yake, Bi Mashavu, alikuwa akinunua maji ya kunywa kwa dumu, kama anavyonunua mafuta ya taa.

“Mwambajuu kwetu,” alisema polepole. “Basi ole wako uharibu.”

Ubwa alinunua viungo, akaomba na namba ya simu. Alisema ni kwa ajili ya viungo.

Siku zile simu haikumtoka Muzdalifa mkononi.

“Ushakula?” Ubwa anauliza.

“Nshakula. Na wewe?”

“Mimi nashiba sauti yako.”

“Utakufa njaa, habibi, na mtambo wetu haujesha.”

Walikuwa wakikutana Tunguu, nusu ya njia, kwenye kibanda cha juisi ya miwa. Muzdalifa huja na abaya ya kijani na harufu ya udi, Ubwa na mikono yenye makovu ya spana. Huko ndiko alikomweleza: jua linaipa pampu nguvu, pampu inayasukuma maji ya kisima kwenye chujio lenye matundu madogo yasiyoonekana, maji yanapita, chumvi inabaki.

“Na jua likizama?”

“Basi, mpaka kesho.”

“Mvivu kama wewe.”

“Mimi mvivu? Nioe kwanza, utaniona alfajiri.”

“Nani kakwambia utaolewa?” Muzdalifa alicheka hadi juisi ikampalia.

Mtambo ulizinduliwa mwezi wa pili. Koki ilipofunguliwa, Bi Mashavu alikinga kiganja, akanywa. Kisha akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Muzdalifa alimtazama Ubwa pembeni ya paneli, jasho linamtiririka, akajua kwamba anampenda mtu huyu na hana njia ya kurudi.

Wiki tatu baadaye mama yake alipiga simu.

“Mwanangu, maji yanakatika saa nne asubuhi. Tunapata ndoo mbili mbili, basi.”

Alimpigia Ubwa papo hapo.

“Mawingu, roho yangu,” Ubwa alisema. “Yakizidi, pampu haina nguvu.”

Muzdalifa aliamini. Akampa mama yake habari ya mawingu, Bi Mashavu akawapa majirani, na kijiji kizima kikawa kinatazama juu.

Lakini wiki ya pili ya ukame ule, hakuvumilia. Alifunga duka, akenda Mwambajuu mwenyewe. Alifika saa sita, jua kali la kupasua kichwa, hakuna wingu hata la kufutia jasho. Pampu ilikuwa ikinguruma. Koki ya kijiji ilikuwa kavu. Wanawake wamepanga ndoo hadi barabarani, wamejifunika khanga vichwani.

Nyuma ya tangi aliuona mpira mweusi wa inchi moja na nusu ukiingia ardhini. Aliutambua. Yeye ndiye aliyeuuza, mita mia tatu, kampuni ya Ubwa ilipoagiza na kusema ni wa kupelekea skuli maji. Aliufuata mtaro uliofukiwa juzijuzi, akapita vichakani, miiba ikimchana buibui, mpaka kwenye ukuta mweupe wa hoteli. Mpira ulipita chini ya ukuta. Upande wa pili, kupitia geti, aliona maji yakirushwa juu ya majani mabichi, yakizunguka na kumeremeta.

“Nani karuhusu?” alimuuliza mlinzi.

“Karatasi ipo, dada. Imetiwa sahihi na fundi wenu mwenyewe, Ubwa.”

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Alipiga simu pale pale, mbele ya geti.

“Yako wapi mawingu yako, Ubwa?”

“Muzda, nisikilize…”

“Nimesimama juani! Mama yangu ana ndoo kavu na wageni wanamwagiliwa majani! Ulijua?”

“Nlijua. Siku tisa sasa. Nlikuwa nataka nilimalize na bosi kimyakimya, wewe usiumie.”

“Siku tisa umenifanya nimdanganye mama yangu! Mwizi wee! Usinipigie tena!”

Akamfungia namba. Jioni ile ile alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la kijiji, akamtaja Ubwa kwa jina na kazi yake, hakubakisha neno.

Jumapili sheha, kiongozi wa kijiji, aliita mkutano uwanja wa skuli. Mkadam, mwenye kampuni, alitoka ofisini kwake Mji Mkongwe na gari inayong'aa na kanzu iliyopigwa pasi ya mstari. Alizungumza kwa upole. Alisema hoteli ni jirani mwema, wanakijiji wana zamu yao asubuhi, na kila kitu kimo kwenye mchoro uliotiwa sahihi na fundi. Akauinua mchoro.

Muzdalifa alisimama. “Zamu? Kisima chetu, mwamba wetu, jua letu, halafu sisi ndio tunapewa zamu?”

Wanawake wakaitika kwa kelele. Hapo ndipo Ubwa alipopenya katikati ya watu, hajanyoa, shati lile lile la buluu. Hakumtazama Muzdalifa. Alimgeukia sheha.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Sema.”

“Mtambo unaandika wenyewe maji yanakokwenda. Jana umetoa lita elfu kumi na mbili. Elfu tisa zimekwenda hotelini. Hii hapa.” Akampa sheha simu yake. “Sahihi yangu iko kwenye karatasi ya kwanza, ya koki za kijiji. Hiyo ya hoteli imebandikwa baadaye. Iangalieni, haina jina langu.”

Sheha aliufunua mchoro, akaugeuza, akamtazama Mkadam.

“Lakini uongo wa mawingu ni wangu,” Ubwa aliendelea. “Huo hakunituma mtu. Nliogopa kazi. Nnawaomba radhi.”

“Kazi huna tangu sasa!” Mkadam alifoka.

“Sawa.” Ubwa aliweka funguo za mtambo kwenye mapaja ya Bi Mashavu, aliyekaa mstari wa mbele.

Muzdalifa hakusubiri mkutano uishe. Aliazima msumeno wa chuma, akenda nyuma ya tangi, akapiga magoti kwenye mawe na kuukata mpira mwenyewe. Alikata huku akilia kwa ghadhabu, kwa ajili ya hoteli, kwa Mkadam, kwa zile siku tisa, na kwa jina la mwizi alilomvika mtu mbele ya kijiji kizima. Wanawake walisimama kumzunguka, hakuna aliyemsaidia kwa sababu mwenyewe hakutaka.

Alikaa mwezi mzima bila kumfungulia namba. Alipoifungua, alipiga mwenyewe.

“Nlikuita mwizi,” alisema. “Nimeshawaambia kwenye kundi kwamba nlikosea.”

“Nimesikia. Ahsante.”

“Usinishukuru! Bado nina hasira na wewe. Nikikumbuka, naweza kuvunja kitu.”

“Haki yako.” Akavuta pumzi. “Kamati ya kijiji imeniajiri niutunze mtambo. Muzda, nataka kuja kwa mama.”

“Kufanya nini?”

“Kuposa.”

Muzdalifa aliinuka na simu sikioni, akaurudisha mlango wa duka, makelele ya soko yakabaki nje.

“Njoo Ijumaa,” alisema. “Mimi ntakuwa nimenuna. Uje hivyo hivyo.”

Ubwa alikuja baada ya sala, kofia mpya kichwani, na ami yake pembeni. Muzdalifa alikaa chumba cha ndani amevaa dera jekundu, hina mikononi, mdomo ameubana. Barazani wazee walisema yao. Kisha Bi Mashavu akaja mlangoni.

“Mwanangu, wanangoja jawabu. Wasemaje?”

“Waambie nimekubali,” Muzdalifa alisema, kwa sauti ya kutosha kusikika barazani. “Na yeye mwambie bado sijamsamehe.”

Kutoka nje, kabla ami yake hajamzuia, Ubwa akaitika: “Naam!”