Mpangaji wa Ghorofa ya Sita

Kikombe alikiweka mkono wake ukielekea ukutani. Hilo Futi alikuwa na hakika nalo, maana kazi yake ilikuwa kuangalia vitu vimekaaje, na mtu wa kazi hiyo hasahau mkono wa kikombe ulikotazama. Alikwenda dirishani, akapima upana wa pazia, akaandika, akarudi. Mkono wa kikombe ulikuwa umegeukia dirishani. Chai ilikuwa vilevile, haijapungua hata funda.

Kilichomuudhi ni kwamba hivyo ndivyo kilivyopendeza. Jua la saa kumi lilipita katikati ya ule mkono likachora duara dogo juu ya meza, na meza nzima ikaonekana imeamka.

"Baba Puru!" aliita. "Umegusa chai yangu?"

"Niguse chai na sabuni hii machoni?" mume wake alijibu kutoka bafuni. "Hili bomba lenyewe halina pa kufungulia wala pa kufungia. Nimelibembeleza mpaka nimechoka."

Mume wake alikuwa fundi friji, mtu wa tumbo na vicheko. Binti yao wa miaka saba alikuwa akirukaruka juu ya kochi na viatu vyake vya matope. Jina la Puru alilipata kutokana na purukushani, na alilitendea haki. Futi alimtazama, akasema moyoni kwamba ni yeye aliyegusa kikombe, akayaacha.

Futi nalo halikuwa jina alilozaliwa nalo. Wenzake kazini walimpa kwa ajili ya futi ya chuma aliyotembea nayo kiunoni. Kampuni yao ilikodisha nyumba kwa wageni wanaokuja mjini siku tatu nne, wale ambao hawataki hoteli, wala hawatakubali kulala popote ilimradi kuna kitanda. Walitaka nyumba iliyopangwa ikapangika, yenye kiti ambacho mtu akikipiga picha, walio mbali waone wivu. Mchaguzi wa nyumba hizo alikuwa Futi. Kila moja ilimpasa akae humo siku mbili na watu wake, aone kama uzuri wake unakalika. Akiridhika, alisema neno moja, "imepita", akaliandika, na nyumba ikaingia kwenye orodha. Asiporidhika, mwenye nyumba angelia mpaka koo limkauke na asingesikilizwa.

Hii ya ghorofa ya sita ilimkosha tangu mlangoni. Mwenye nyumba, daktari wa meno mstaafu, aliwapa namba za kufungulia mlango asubuhi akiwa amesimama nje, kando ya lifti, na hakuvuka kizingiti hata alipokaribishwa kwake mwenyewe.

"Hongera, mzee," Futi alimwambia. "Nani amekupangia humu ndani?"

"Mpangaji."

"Ndiyo, mpangaji yupi? Wateja wetu hupenda kujua."

"Alikuwemo nilipoinunua." Mzee alishusha sauti. "Mimi sijaongeza hata kijiko. Na ninyi msihamishe kitu, mama. Nawaomba sana."

Neno hilo lina pande mbili. Anayekodi nyumba ni mpangaji, na anayeweka vitu mahali pake ni mpangaji. Futi alisikia upande uliomfaa, kama watu wa kazi zake walivyozoea, akadhani mzee anamsema bingwa fulani wa mapambo aliyefuatana na jengo. Kwenye fomu, pale palipouliza mpangaji, aliandika: yupo. Mzee aliliona lile neno likiandikwa, akaingia kwenye lifti bila kuaga.

Sasa, baada ya kile kikombe, Futi alianza kusikia. Ilikuwa sauti ya mguu wa kiti ukiburutwa sakafuni, krrr, urefu wa kidole tu, kisha kimya. Ilitoka sebuleni. Akienda sebuleni, inatoka chumbani. Na kila iliposikika, ilifuatwa na harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi, katika nyumba ambayo jiko lake ni la umeme na hakuna avutaye sigara.

Baba Puru alitoka bafuni akijifuta kichwa. "Ndala zangu ziko wapi?"

Zilikuwa mlangoni, sambamba, vidole vikitazama nje.

"Nyumba hii ina adabu kunishinda," alisema akicheka. Akavua fulana, akaitupa juu ya taa ya kusimama makusudi, ili kumchokoza mkewe. Wote watatu waliingia jikoni kutafuta sukari. Waliporudi, fulana ilikuwa imekunjwa mara nne, imewekwa juu ya ndala zake, palepale mlangoni. Mfuko wake wa vifaa, ule mchafu wenye grisi ambao hauachi hata akienda harusini, ulikuwa umelazwa kando. Aliufungua. Bisibisi zote zilikuwa zimepindwa kama pini za nywele.

Hakucheka tena. "Mama Puru," alisema polepole, "hii kazi yako ya leo siipendi."

"Ni mtoto."

"Mtoto apinde chuma?"

Futi alikuwa na nyumba mkononi iliyozidi zote alizowahi kuchagua, na tamaa ya kazi ikamziba masikio. Alimwambia mumewe atoke kidogo, akanunue mkate, apunge upepo. Mumewe alitoka. Mlango ulijifunga nyuma yake wenyewe, taratibu.

Baada ya robo saa alisikika nje akibonyeza namba. Kitasa kililia mlio wa kukataa. Akabonyeza tena. Kikakataa tena.

"Mama Puru, nifungulie!"

"Nakuja!" Futi alijibu kutoka chumbani alikokuwa anapima kitanda, na ndipo alipogundua kwamba kwa muda ule wote, labda dakika kumi, hakuwa amesikia viatu vya Puru, wala wimbo wake wa kubuni, wala kitu kuanguka. Katika miaka saba hilo halijapata kutokea mtoto akiwa macho.

Alipita sebuleni ili afike mlangoni, na hapo aliganda.

Puru alikuwa amekaa kwenye kiti cha manjano karibu na dirisha. Viatu vya matope havipo. Nywele zimelazwa. Mikono juu ya mapaja, wa kulia juu ya wa kushoto, shingo imeinama kidogo tu, na jua la jioni likimshukia shavuni na kumalizikia kwenye mto mwekundu kana kwamba chumba kizima kilijengwa kikimsubiri yeye aje akae. Futi alivuta pumzi. Na kabla umama haujamfika, jicho lake la kazi lilitangulia, mdomo ukalifuata:

"Imepita."

Alilisema kwa kunong'ona, lakini lilisikika. Miguu ya viti vyote iliburutika kwa pamoja, krrr, kama watu wanaosogea kumkaribisha mtu. Ndipo alipoona macho ya mtoto. Yalikuwa yamemtoka pima, yanazunguka, yanamtafuta mama, na hayo macho tu ndiyo yaliyokuwa yanacheza katika mwili mzima.

"Puru! Inuka, mwanangu!"

Alimrukia, akamkamata kwapani, akavuta, na mtoto ambaye asubuhi alimbeba ngazini kwa mkono mmoja alikuwa mzito kama aliyeshonewa kwenye kile kiti, na kiti kama kilichoota kutoka sakafuni, na alivyozidi kuvuta ndivyo harufu ya kiberiti ilivyozidi kumjaa puani mpaka machozi yakamtoka, naye akaona, kwa macho yake, jua likiwa bado limewaka na magari yakipiga honi huko chini kama siku nyingine yoyote, kishimo kidogo kikibonyea kwenye shavu la mwanawe, kisha kingine chini ya kidevu, alama za vidole visivyokuwepo, vikikigeuza kile kichwa kidogo kukirudisha pale kilipokuwa kabla hajakivuruga.

"Usimguse," sauti ilisema. Ilikuwa karibu na sikio lake, kavu, haina haraka. "Amekaa."

Futi aligeuka huku na huku. "Wewe ni nani?"

"Umeniandika mwenyewe. Mpangaji."

"Mpangaji hulipa! Mpangaji huhama!" Alikuwa hajui asemalo.

"Sijapanga hapa," sauti ilisema. "Mimi napapanga. Yule mnene hafai, nimemtoa. Huyu anafaa. Hatakua, hatachafuka. Na wewe umesema imepita."

Futi alikimbilia mlangoni. Ulifunguka bila ubishi wowote, na hilo lilimtisha kuliko kama ungefungwa. Mumewe alikuwa ukumbini na mkate kwapani, simu sikioni.

"Mwanangu," Futi alisema. "Mwanangu hainuki."

"Najua kuna kitu. Nimeshamwita mama wa fotokopi."

Mama wa fotokopi alikuwa mteja wa Baba Puru wa friji, mwanamke wa makamo aliyefungua duka la kunakili vyeti kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, kazi yake ya kufukuza majini haina msimu wa kutegemea. Alifika na raba miguuni, anahema, analaumu lifti. Alipovuka kizingiti malalamiko yalimwisha. Alivuta hewa, akamtazama Puru, akaketi sakafuni palepale.

"Nani kamsifia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi," Futi alisema.

"Kwa moyo?"

Futi aliinamisha kichwa. "Kwa moyo."

"Basi mimi nitasoma dua, lakini wa kumkataa ni wewe. Na usimdanganye, mwanangu. Huyu anakujua."

Akaanza kusoma chini kwa chini. Vyombo vikaanza kutetemeka kabatini. Baba Puru alipiga moyo konde akajisukuma ndani, akamshika mtoto miguu, na mara hiyo akatupwa ukutani. Aliinuka, akarudi, akaishika tena.

"Nyumba hii mbaya!" Futi alipaza sauti. "Mbaya! Rangi mbaya, viti vibaya!"

Sauti ilicheka taratibu sikioni mwake. "Rangi hii uliipenda tangu mlangoni."

Ilikuwa kweli, na aibu ilimchoma. Aliangusha taa. Ikasimama. Akamwaga vitabu, vikapanda rafuni kimoja kimoja. Mama wa fotokopi aliongeza sauti ya kusoma, jasho likimtiririka, na kwa mkono akamwonyesha Futi amtazame mtoto, asitazame vitu.

Futi alipiga magoti, akatazama. Akaacha mwanga, akaacha kiti, akaacha rangi. Akaona chozi kwenye shavu la mwanawe. Lilikuwa limetoka jichoni likafika katikati ya shavu, likasimamishwa hapo, mahali ambapo jua lingeling'arisha. Hata kulia mtoto alikuwa amepangiwa.

Futi alipofungua mdomo hakuwa anapiga kelele.

"Inanitia kichefuchefu," alisema. "Nyumba yote. Sitaki kuiona. Ningeichoma moto na mikono yangu. Haipiti. Umesikia? Haipiti!"

Mama wa fotokopi aliacha kusoma.

"Haya," sauti ilisema, bila hasira. "Nyumba zipo nyingi."

Kioo cha dirisha kilipasuka toka juu mpaka chini. Chozi likaanguka. Na Puru akalia, kilio kikubwa kibaya cha makamasi na kikohozi, akamrukia baba yake akampiga teke la tumbo bila kukusudia, na baba mtu akacheka huku analia. Futi aliwakumbatia wote wawili. Hakuwahi kupenda sauti yoyote kama alivyoipenda ile.

Waliondoka bila mikoba. Kwenye lifti mama wa fotokopi alisimama kwenye kona, mbali nao, akivuta hewa kwa pua mara mbili tatu.

"Katoka?" Baba Puru alimuuliza.

"Katoka katika nyumba," alijibu. Alimtazama Futi, kisha akatazama raba zake mwenyewe. Walipomwambia wampeleke dukani kwa gari, alisema atatembea.

Siku ya pili, nyumbani kwao, mambo yalikuwa kama zamani. Meza ya plastiki, viti visivyofanana, redio ya jirani. Puru alimwaga uji, akapigana na baba yake kugombea kijiko, akaimba kwa mdomo uliojaa. Futi alisimama mlangoni mwa jikoni akiwatazama, akasema kimoyomoyo kwamba hataigusa futi tena maisha yake, na alimaanisha.

Puru alishuka kitini kuchukua kitambaa. Alipogeuka macho yake yalikutana na ya mama yake, na wimbo ukamkatikia katikati. Akasimama wima, mikono imeshuka.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "nikae wapi?"

Futi alitaka kumwambia akae popote anapotaka, ni kwao. Maneno alikuwa nayo kabisa. Lakini alipofungua mdomo, jikoni kulinuka kiberiti, na iliyotoka kooni mwake ilikuwa sauti kavu, isiyo na haraka.

"Hapo," alisema. "Kidevu juu kidogo."

Baba Puru aliacha kijiko hewani. Puru akakaa, akaweka mkono wa kulia juu ya wa kushoto, na kidevu chake kikapanda taratibu mpaka kikafika mahali pake.